Darasani kwangu wasichana wamezidi wavulana. Huu ndio usawa tuliokuwa tunautafuta?

Mwalimu wa Chanika

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule moja ya kata huku Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na ni mwalimu wa darasa wa kidato cha tatu mkondo B. Kuna jambo limeninyima usingizi tangu Ijumaa, naomba mnisaidie kulifikiria.

Ijumaa tulikaa kikao cha kupitia taarifa ya shule kabla haijapelekwa kwa afisa elimu kata. Kuna sehemu ya uwiano wa kijinsia: unachukua idadi ya wasichana, unaigawa kwa idadi ya wavulana. Darasa langu lilipoingia kidato cha kwanza mwaka 2023 lilikuwa na wasichana 47 na wavulana 45. Uwiano 1.04. Leo daftari langu lina wasichana 41 na wavulana 29. Ukigawa unapata 1.41. Mwenzangu aliyekuwa anajaza akaandika, "Ushiriki wa mtoto wa kike umeimarika." Nikanyoosha mkono. Nikasema, jamani, wasichana wenyewe wamepungua sita, kuimarika kumetoka wapi? Na wavulana 16 wako wapi? Nikaambiwa nisicheleweshe kikao, fomu inauliza uwiano, na uwiano umepanda.

Jumamosi nikaenda Feri kununua samaki, nyumbani tulikuwa na arobaini ya shangazi yangu. Nilipomaliza kununua nikapeleka ndoo kwa wale vijana wanaopaa samaki. Aliyeipokea aliinamisha uso. Nilimtambua kwa kovu la kidevuni, alikaa dawati la pili karibu na dirisha mwaka mzima wa kidato cha pili. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia, nikakosa neno la kuongeza. Akawapaa samaki wangu mmoja mmoja, akawatumbua, akawasuuza, hakuacha gamba hata chini ya mapezi. Nilipompa pesa akarudisha mkono nyuma. Halafu akaniuliza bila kuniangalia: "Mwalimu, Baiolojia mmefika wapi?" Nikamwambia tumeanza mfumo wa fahamu. Akasema, "Ubongo na uti wa mgongo. Daftari la Juma naliangaliaga."

Huyo ni mmoja wa wale 16. Kuondoka kwake ndiko kulikopandisha uwiano wangu.

Na kwa wasichana msidhani ni shwari. Daftari linasema 41, ila Jumanne nilipoita majina waliitika 33. Wanne kati ya wasiokuwepo sijawaona kwa zaidi ya mwezi. Majina yao yapo kwa sababu kumfuta mtoto kuna hatua zake: barua kwa mzazi, mtendaji wa mtaa, bodi. Sensa ya shule ni Machi. Mtoto akiacha Mei, kwenye karatasi anaendelea kusoma hadi Machi nyingine.

Swali langu ni hili. Tangu Julai 2020 Benki ya Dunia ilipotuweka kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, nasikia kwamba nchi za kundi letu zimekaribia kabisa usawa wa wasichana na wavulana sekondari. Je, zimefika huko kweli, au zimefika kama lilivyofika darasa langu?

Mzee Karatasi

Mwalimu, pole, na hongera kwa kunyoosha mkono. Nimefanya kazi ya takwimu za elimu hadi nilipostaafu, fomu hizo nimezijaza tangu enzi za mashine ya taipu. Uliyoyaona darasani kwako ni ya kweli na yana maelezo yake.

Kwanza, kipimo kinachotumika duniani hakigawi vichwa kwa vichwa. Kinagawa kiwango kwa kiwango. Unatafuta kati ya wasichana wote wenye umri wa sekondari ni asilimia ngapi wameandikishwa, unatafuta vivyo hivyo kwa wavulana, ndipo unagawa. Sababu ni kwamba huenda mtaani kwenu wasichana ni wengi kuliko wavulana tangu mwanzo, na hapo vichwa vitakudanganya.

Pili, hata ukifanya sawasawa, kinachobaki ni hesabu ya kugawanya, na kugawanya kuna milango miwili. Chukua mtaa wenye wasichana 100 na wavulana 100. Walioko shule ni wasichana 40 na wavulana 50. Uwiano ni 0.8. Ukitaka ufike 1 unaweza kuwaingiza wasichana 10 zaidi. Au unaweza kuwaacha wavulana 10 waende Feri. Karatasi itaandika 1 kwa yote mawili, wakati kwa njia ya pili hakuna msichana hata mmoja aliyeongezeka, na watoto 120 kati ya 200 wako nje.

Tatu, na hili mpelekee mwenyekiti wa kikao chenu. UNESCO huhesabu kwamba kuna usawa pale uwiano unapokuwa kati ya 0.97 na 1.03. Kwa kipimo hicho 1.04 mliyoanza nayo ilikuwa mlangoni pa usawa. 1.41 imekwenda mbali nao, imeelekea tu upande mwingine. Hakuna mahali popote ambapo takwimu hiyo inasomwa kama kuimarika.

Sasa kundi letu la kipato cha kati cha chini. Ni kweli wastani wake sekondari umekaribia moja. Lakini wastani huo ni kapu lenye vitu visivyofanana. Ndani yake kuna Pakistan, ambako wasichana bado wako nyuma. Kuna Bangladesh, ambako wasichana wamewapita wavulana sekondari. Kuna Lesotho, ambako kwa vizazi mvulana mdogo alipelekwa milimani kuchunga ng'ombe na kondoo wakati dada yake yuko darasani, na hadi leo wasichana ndio wengi sekondari. Ufilipino pia, na hata Afrika Kusini na Brazil zilizo kundi la juu yetu, wavulana ndio wanaobaki nyuma. Ukichanganya aliye chini na aliyepitiliza unapata moja nzuri sana. Na India ina watu wengi kiasi kwamba ikisogea kidogo inalivuta kundi zima.

Lakini nisikuache ukadhani yote ni ujanja wa namba. Mwaka 2000 pale Dakar nchi ziliahidi kuondoa pengo hilo shule za msingi na sekondari ifikapo 2005. Mwaka huo ukapita bila ahadi kutimia, ila kazi ilifanyika na inaonekana. Kwetu, kabla ya MMES, yaani mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004, sekondari za serikali zilikuwa chache na nyingi za bweni, mbali. Baba aliyekuwa hataki kumpeleka binti mkoa mwingine alikuwa na sababu mkononi. Shule ya kata ilipojengwa alikokaa, sababu hiyo ikaisha. Januari 2016 ikafutwa ada, 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, na baba aliyekuwa anachagua amlipie nani kati ya kaka na dada hakulazimika tena kuchagua. Wasichana 47 walioingia darasani kwako mwaka 2023 ni tunda la hayo. Swali lako linaanzia pale walipoingia.

Nakuomba kitu. Tafuta daftari la kidato cha kwanza la 2023, lazima lipo stoo. Fuata jina moja moja. Usihesabu waliopo leo, maana ndani yao kuna waliohamia na waliokariri darasa. Hesabu walioanza.

Baba Shaibu, Gongo la Mboto

Mwalimu mimi naongea kama mzazi. Nina bodaboda, nimeegesha kituo cha Gongo la Mboto miaka 11. Kijana wangu aliacha kidato cha pili. Alifeli ule upimaji wa taifa akaambiwa akariri, akaona aibu kukaa na wadogo zake. Akaniomba pikipiki ya jioni ninapopumzika, nikampa, nikijua ni ya wiki moja mbili. Siku ya kwanza akaleta elfu saba nyumbani. Mama yake akanunua mafuta na mchele. Kuanzia hapo nani wa kumwambia rudi shule? Nilishindwa mimi baba yake.

Nitakalosema msinielewe vibaya. Mtoto wa kike akiacha shule kuna mtendaji, kuna polisi dawati la jinsia, kuna mashirika. Wamejengewa shule za bweni za sayansi kila mkoa. Wa kwangu alipoacha hakuna mtu aliyepiga hodi. Hata barua sikuletewa. Naona wasichana wamebebwa wavulana wakasahaulika.

Mwalimu wa Chanika

Baba Shaibu, asante kwa kusema ukweli wa nyumbani kwako. Hiyo barua ambayo hukuletewa inaniuma, kwa sababu na mimi kuna nyumba za wavulana ambazo sikupiga hodi. Nilisema moyoni, huyu ni mwanaume, atajitafutia. Nilikosea.

Ila kwenye kubebwa hapana, kaka yangu. Njoo usimame na mimi barabarani saa 11 alfajiri uone. Msichana wangu mmoja anakaa ndani ndani huko Zingiziwa. Nauli ya mwanafunzi ni 200, konda anajua kiti hicho mtu mzima atakilipia zaidi, kwa hiyo anawachukua wanafunzi wawili kisha anasukuma mlango. Mvulana anadandia, ananing'inia, anafika. Msichana anabaki kituoni na sketi yake. Anapita kijana wa pikipiki, "Dada, panda, nakupeleka bure." Leo bure, kesho bure, na chipsi jioni. Nimeshika mkono wa binti ofisini akisubiri kipimo, namjua na kijana aliyekuwa anampa lifti, kituo chake ni mita 200 kutoka getini kwetu. Hizo bweni zimejengwa kwa sababu ya safari hiyo.

Na tusisahau mzigo wa siku zile za mwezi. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikarudishwa kwa sababu bei madukani haikushuka. Kwangu ukichukua daftari la mahudhurio ukalisoma polepole, unaona msichana anakosa siku tatu, mwezi unaofuata siku tatu, tarehe zinakaribiana. Hakuna mvulana mwenye mstari wa namna hiyo.

Kijana wako hakutolewa darasani na msichana. Alitolewa na ile elfu saba.

Dada wa Tabata

Mwalimu nimesoma uzi huu kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Nilisoma shahada yangu Pune, India. Chumbani niliishi na msichana kutoka jimbo la Bihar, kijijini kabisa. Siku moja nikamuuliza alifikaje chuo kikuu kutoka huko. Akaniambia, kwa baiskeli. Nikadhani anatania. Kumbe mwaka 2006 jimbo lao lilianza kuwapa pesa ya baiskeli wasichana wote wanaoingia darasa la tisa, rupia 2,000. Sekondari yao ilikuwa kilomita nyingi, dada zake wakubwa wote waliishia darasa la nane. Yeye na wenzake tisa walikuwa wanatoka pamoja asubuhi, msafara mzima, wakipita kwenye mashamba ya ngano. Alisema wanaume waliokuwa wakiwapigia miluzi njiani waliacha, kwa sababu utampigia nani mluzi kwenye kundi la baiskeli kumi linalopita kasi?

Baadaye nilikuta wachumi wawili, Karthik Muralidharan na Nishith Prakash, waliufanyia utafiti mpango huo. Walikuta uandikishaji wa wasichana umeongezeka kwa karibu asilimia 32 na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Na ongezeko kubwa lilikuwa vijiji ambavyo sekondari iko kilomita tatu au zaidi. Maana yake shida ilikuwa njia. Baadaye wavulana nao wakaingizwa kwenye mpango.

Ninachotaka kusema, huo ni usawa uliopatikana kwa msichana kuongezeka. Upo. Siyo wote wa Feri.

Kwa Dar baiskeli kwenye barabara ya Chanika naogopa, malori yale ya mchanga. Lakini si lazima baiskeli. Shule ikikubaliana na daladala mbili tu za asubuhi, wazazi wakachanga tofauti ya nauli, je?

Mzee Karatasi

Dada wa Tabata umenikumbusha Bangladesh. Tangu 1994 waliwalipa wasichana wa sekondari za vijijini posho nchi nzima, masharti yakiwa kuhudhuria angalau asilimia 75 ya siku za masomo, kupata alama 45 kwa mia, na kutoolewa. Wasichana wakajaa. Lakini ndoa za utotoni bado ni nyingi sana nchini humo hadi leo, kwa hiyo kuingia darasani hakukutosha kumaliza kila kitu. Mexico nao kwenye mpango wa Progresa ulioanza 1997 walitoa ruzuku kwa watoto wa familia maskini, kaka na dada, ila ruzuku ya msichana wa sekondari ilikuwa kubwa kidogo, kwa sababu waliona huko ndiko wasichana wanakoachia. Hilo la Mexico linanipendeza, Baba Shaibu, hakuna aliyeachwa nje.

Mama Ilham

Shikamooni wote. Mimi ni mmoja wa hao wasichana mnaowahesabu.

Nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu mwaka 2021. Wakati ule ukipata mimba ndiyo basi. Novemba mwaka huo huo ikatangazwa kwamba tunaruhusiwa kurudi, mama akasikia redioni akaniita nikiwa nafua nepi. Nilirudi 2022, shule nyingine siyo ile ya kwanza.

Waraka ulinifungulia geti tu. Mtoto nilimwacha na mama, na mama anauza vitumbua asubuhi, kwa hiyo alimbeba mgongoni karibu na moto wa kuni. Maziwa yalikuwa yananijaa kipindi cha tatu, shati linalowa, nakaa na sweta kwenye joto la Dar. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike aliniachia chumba chake cha ofisi dakika kumi kila siku saa nne bila kuniuliza chochote. Nilimaliza kidato cha nne. Tulirudi wanne shule ile, niliyemaliza ni mimi.

Kwenye hesabu zenu sisi wanne tuliandikwa tumerejea, nafikiri tukaongeza uwiano. Naomba mwalimu ukihesabu, uhesabu na kumaliza.

Mwalimu wa Chanika

Marahaba Mama Ilham. Nimesoma ulichoandika mara tatu. Sisi ofisini tuna stoo ndogo ya vitabu yenye komeo la ndani, nitaongea na makamu.

Mzee Karatasi, nimelipata daftari. Lilikuwa chini ya maboksi ya chaki, kona moja imeliwa na mchwa lakini majina yote yanasomeka. Nimekaa nalo siku tatu na viranja wangu wawili, wale watoto wanajua nani yuko wapi kuliko ofisi yoyote.

Wasichana walioanza ni 47, walio na mimi leo kati yao ni 34. Hao wengine saba wa kwenye daftari wamehamia au walikariri wakanikuta. Kwa hiyo waliotoka ni 13, siyo sita. Watatu walihama na barua zao zipo. Wawili wanakariri kidato cha pili. Wanne ni mimba. Mmoja ameolewa Mkuranga, na hilo ni kosa la jinai tangu sheria ya elimu ilivyorekebishwa 2016, nimeshalipeleka kwa mtendaji. Mmoja anafanya kazi za ndani. Wawili hakuna anayejua.

Wavulana walioanza ni 45, waliobaki kati yao ni 24. Waliotoka ni 21. Wanne wamehama, watano wanakariri. Saba wanafanya kazi: wawili pikipiki, mmoja konda, watatu wanatembeza bidhaa Kariakoo, na huyu wangu wa Feri. Watano hawajulikani walipo. Kwa wasichana wote kumi wasiohama kulikuwa na angalau barua moja kwenye faili. Kwa wale wavulana 12 wanaofanya kazi au wasiojulikana, nimekuta barua mbili. Baba Shaibu, ulisema kweli.

Nimechora jedwali langu upya. Safu ya walioanza, ya walipo, ya wanaosubiriwa kumaliza, wasichana na wavulana kila mmoja kivyake, na uwiano nimeuweka mwisho kabisa kwa sababu fomu inaudai. Kikao kimehamishiwa Jumatano saa 8 mchana. Dada wa Tabata, hoja ya daladala mbili za asubuhi naipeleka siku hiyo hiyo. Kama kuna mzazi au dereva wa njia ya Chanika anayesoma hapa na anajua jinsi ya kuongea na wenye magari, naomba aniandikie kabla ya Jumatano.

Kijana wa Feri nimeongea na mama yake kwa simu. Baba yao aliondoka, kodi ya chumba ni miezi mitatu nyuma. Amesema Jumatatu atamtuma shuleni nusu siku, mchana arudi kwenye samaki. Mkuu wa shule hajakubali bado hiyo nusu siku. Jina lake nimeliandika tena kwa kalamu, namba 30.